Waya Mbili na Ng'ombe Sita

Kabla sijaulaumu mchoro ule, niseme ukweli: ulikuwa mzuri. Visanduku vilikaa kwa safu kama viti vya harusi, waya zilishuka wima bila kukatana hata mara moja, na kila kitu kisicholazimika kuonekana nilikuwa nimekificha. Nilimaliza kuunyoosha saa saba usiku, nikaupiga picha, nikamtumia rafiki yangu wa Dar es Salaam ambaye naye hupoteza usiku wake kwa mambo haya. Akajibu neno moja: "Safi." Kesho yake mchana, mbele ya ukoo, mchoro huo safi ulimnyima bibi yangu sauti mara tatu.

Nataka kuuhakiki hapa kama mtu anavyohakiki shairi lililosifiwa kwa sababu tu vina vyake vimetimia. Lakini kwanza nieleze lililomo.

Pure Data, ambayo wengi huiita Pd, ni programu ya bure ya kutengenezea sauti na muziki kwa kompyuta. Humo huandiki mistari ya maagizo. Unaweka visanduku kwenye ukurasa mweupe na kuviunganisha kwa waya. Kisanduku kimoja kinasikiliza kibodi, kingine kinazidisha namba, kingine kinapeleka sauti kwenye spika. Aliyeitunga ni Miller Puckette, Mmarekani ambaye katika miaka ya 1980, akiwa kwenye taasisi ya IRCAM jijini Paris, alitengeneza programu nyingine ya ukoo huohuo iitwayo Max. Mwaka 1988 Max ilitumika katika "Pluton" ya Philippe Manoury, ambamo mpiga piano anapiga na kompyuta inamjibu. Katika miaka ya 1990 Puckette akaanza upya, akaitoa Pd kwa yeyote anayeitaka. Mimi niliichagua kwa sababu ambazo si za kisanaa: ni ndogo, inakubali kompyuta mpakato ya zamani, na ukishaipakua haikudai bando tena.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Ngara. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Biharamulo. Wilaya hizi zimepakana, lakini katika familia yetu mpaka wenyewe ni ng'ombe mmoja. Babu alisema mahari ya mama yangu ilikuwa ng'ombe sita. Aliwatoa, wakahesabiwa, wakapokelewa. Bibi anasema walikuwa watano. Wa sita alifika akichechemea, akafa kabla ya mvua za kwanza, na mzoga hauhesabiwi zizini. Babu naye alijibu kwamba ng'ombe aliyefia kwa wakwe ameshakuwa wa wakwe. Mabishano hayo yalidumu zaidi ya miaka thelathini, mwanzoni kwa salamu zilizobebwa na abiria wa mabasi, baadaye kwa simu, na hakuna kati yao aliyetaka yaishe. Nilipoanza kuwarekodi, kila mmoja nyumbani kwake, simu ikiwa juu ya stuli, nilidhani nakusanya historia ya ukoo. Kumbe nilikuwa nakusanya utani wa watu wawili walioheshimiana mno.

Babu akafariki. Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, baba mdogo akaniomba niwasikilizishe watu sauti ya mzee. Nikasema nina wazo zuri zaidi: tuwaache wabishane. Babu aseme, bibi ajibu, babu arudi. Ningekaa pembeni na kompyuta, nikibonyeza moja babu anazungumza, nikibonyeza mbili babu ananyamaza na bibi anashika zamu. Bibi mwenyewe angekuwepo. Alitoka Biharamulo kwa basi kupitia Lusahunga, akabadilisha gari Benaco, akapanda nasi mlima hadi nyumbani akiwa na kikapu cha karanga na vitenge viwili.

Kilichohitajika ni swichi, na swichi ni kitu kinachoonekana rahisi kuliko vitu vyote. Kwa kila sauti nilitengeneza moduli moja. Kila moduli ina mlango: sauti ikizidishwa kwa 1 inapita, ikizidishwa kwa 0 haipiti. Kitufe kikibonyezwa kinafyatua ishara moja, na ishara hiyo inatoka kwenye tundu moja kwa waya mbili. Waya ya kwanza inapiga mbiu kwa moduli zote: fungeni milango. Waya ya pili inafungua mlango wa moduli hii yenyewe. Wote wananyamaza, mmoja anasema. Ukitaka kuongeza mzee wa tatu unanakili moduli na kumpa kitufe chake; hakuna kingine cha kubadilisha. Huo ndio uzuri wa ramani hii, na bado nauona ni uzuri.

(Neno la Kiingereza la kitu kinachofyatua ishara ni neno la bunduki, na Kiswahili hutusukuma kukiita kifyatuo. Mimi niliyekulia Ngara nililijua tendo hili kwanza kwa matofali: unajaza udongo kwenye kalibu, unafyatua, tofali linakaa. Nalipenda zaidi hilo la matofali.)

Usiku ule wa mwisho kulikuwa na waya moja kwenye moduli ya bibi iliyokatiza juu ya nyingine. Ndiyo ile ya mbiu. Ilinikera kama uzi unaoning'inia kwenye koti la mtu mwingine. Nikaifuta, nikasogeza kisanduku kidogo kushoto, nikaichora upya, ikashuka wima. Watu walikuwa wamelala, hivyo nikajaribu kitufe namba moja tu kwa spika za masikioni, nikamsikia babu akikohoa na kuanza, nikafunga kompyuta.

Mchana babu alizungumza vizuri. Watu waliinama, baadhi wakafuta macho, na alipofika kwenye ng'ombe sita wazee wa upande wetu wakapiga makofi. Nikabonyeza mbili. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msema chochote wa siku ile, hakujua kwamba chombo kimeharibika. Alidhani ni sehemu ya mchezo. Akainuka: "Ndugu zangu, mnaona? Biharamulo hawana jibu!" Vicheko vikaporomoka. Nikabonyeza mara ya tatu, jasho likinitoka, na kimya cha mara ya tatu kikachekwa kuliko cha kwanza. Ilibidi nirudishe sauti ya babu ili kitu kisikike, na babu akaendelea kusema peke yake mpaka mwisho, bila kupingwa, jambo ambalo alipokuwa hai halikuwahi kumtokea.

Bibi alikuwa mkekani. Alicheka pamoja na wengine kwa sababu ilibidi. Jioni nilipomwendea, yeye ambaye tangu utotoni huniita "mume wangu" aliniita kwa jina langu kamili la cheti, akaniuliza: "Yaani mlinirekodi ili mnifunge mdomo?"

Nilifungua kompyuta kutafuta kosa na sikuliona. Hilo ndilo ninalotaka kulisema juu ya michoro ya namna hii. Nilikuwa na picha ya juzi na picha ya usiku ule, nikaziweka bega kwa bega: visanduku vilevile, waya zilezile, matundu yaleyale. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba ya pili imenyooka zaidi.

Katika Pd, tundu moja likitoa waya mbili, ishara haiendi kote kwa pamoja. Inapita kwanza kwenye waya moja mpaka mwisho wa njia yake, pamoja na kila inachokigusa, ndipo inarudi kuanza nyingine. Ipi ya kwanza? Ile uliyoichora kwanza. Ukurasani hakuna alama yoyote inayoonyesha ni ipi. Nilipofuta waya ya mbiu na kuichora upya niliifanya kuwa ya mwisho. Tangu hapo, kila nikibonyeza mbili, mlango wa bibi ulifunguliwa kwanza, kisha mbiu ikapigwa, nao ukafungwa pamoja na yote. Yote mawili yalitokea katika pigo moja la saa ya programu, kwa hiyo hakuna sikio ambalo lingesikia kwamba aliwahi kupewa nafasi.

Ushahidi niliupata kwingine kabisa. Faili la Pd ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia utaona orodha ya visanduku, kisha orodha ya miunganisho, kila mmoja kwa namba nne: kisanduku kinachotoa, tundu lake, kisanduku kinachopokea, tundu lake. Kwenye moduli ya babu mstari wa mbiu ulitangulia. Kwenye ya bibi ulifuata. Programu ambayo fahari yake ni kutuondolea maandishi ilikuwa imeificha sababu ndani ya maandishi.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili angeyaona haya haraka kuliko mimi. Tuna njia mbili za kuunganisha matendo. Naweza kusema "alifunga milango na alifungua wake", na msomaji akaniuliza, na haki yake, lipi lilianza. Au naweza kusema "alifunga milango akafungua wake", nayo ile -ka- inamaliza swali. Mtoto wa miaka mitatu akisimulia alivyoanguka huitumia bila kufundishwa: nilikimbia, nikateleza, nikaanguka. Waya mbili kutoka tundu moja ni "na". Zinaonekana kama taarifa kamili wakati hazijasema ni nini kilifuata nini, na hakuna kunyoosha kunakoweza kuliongeza hilo.

Pd inayo -ka- yake, na sikuitumia kwa sababu ilionekana kama uchafu. Ni kisanduku kiitwacho "trigger". Kinapokea ishara moja na kuitoa kwa matundu kadhaa, moja baada ya jingine, kuanzia kulia kwenda kushoto, siku zote. (Kulia kwenda kushoto huwashangaza wanaoanza. Waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu wasingeshangaa.) Ukikiweka katikati, mpangilio unakuwa sehemu ya ukurasa: mbiu kulia, mlango kushoto, anayesoma anajua. Hiyo si siri. Maelezo ya Pd yenyewe yanashauri kukitumia kila mpangilio unapokuwa na maana. Lakini kinaongeza kisanduku kisichofanya kazi ya sauti, na mara nyingi kinalazimisha waya zikatane. Sisi tunaotuma picha za michoro yetu usiku tumejifunza kukiepuka.

Max, kaka mkubwa wa Pd, ilichagua njia nyingine: waya zikitoka tundu moja, kinachokaa kulia zaidi kinapata ishara kwanza. Huku mpangilio unaonekana, ndiyo, lakini kusogeza kisanduku kwa ajili ya urembo tu kunaweza kuubadilisha. Ni kama sentensi ambayo maana yake inageuka ukipanua pambizo. Kati ya makosa hayo mawili sijui ningechagua lipi kama "trigger" isingekuwepo. La Max angalau linaweza kukamatwa kwa macho.

Nilimweleza rafiki yangu wa Dar haya yote kwa sauti ndefu ya WhatsApp, naye akanijibu kwa sauti ndefu zaidi. Hoja yake ni nzito na siwezi kuiruka. Alisema unadhifu si wa picha tu. Mchoro wenye waya kama kiota cha ndege hausomwi na mtu mwingine, na baada ya mwezi hausomwi hata na mwenyewe. Ni kweli. Nina michoro ya miaka ya nyuma ambayo sasa naitazama kama mwandiko wa daktari. Alisema pia kwamba moduli ni ahadi: hiki ndicho kinachoingia, hiki ndicho kinachotoka, ya ndani usijali. Hapo tukaachana. Unadhifu tunaousifia mara nyingi ni ule wa kufagia na kusukuma taka chini ya kitanda. Tunaweka mchoro ndani ya kisanduku, kisanduku ndani ya kingine. Tunaondoa waya kabisa na kutumia jina, upande mmoja unapiga mbiu na upande mwingine unaisikia, kama tetesi inavyofika kijijini bila kujulikana imepitia mlango wa nani. Ukurasa unabaki mweupe, na swali la nani alitangulia linabaki bila pa kuulizwa.

Aliyenisaidia kulifikiri hili vizuri hajawahi kuona Pd. Ni fundi umeme wa Benaco aliyekuja nyumbani kufunga swichi ya chenjiova, ile ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta. Ngara na Biharamulo zimeishi muda mrefu na umeme wa majenereta ya dizeli, na hata leo, wakati mtambo wa Rusumo wa megawati 80 unagawiwa nchi tatu, mwenye duka la nyama hajauza jenereta lake. Swichi ile ina mkono mmoja na nafasi tatu: gridi, sifuri, jenereta. Huwezi kutoka ya kwanza kwenda ya tatu bila kupita sifuri. Chuma chenyewe kinakataa. Nikamuuliza kwa nini wasitengeneze yenye nafasi mbili tu, ingependeza zaidi. Akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, hiyo sifuri ndiyo unayolipia. Zikikutana mbili, utazima moto hapa, siyo taa."

Chombo kile nakiona kizuri kuliko mchoro wangu, na uzuri wake uko katika kutoficha zamu. Vivyo hivyo pale Rusumo. Daraja la zamani lilikuwa la njia moja; gari likija, la ng'ambo linasubiri, na kila dereva aliona anasubiri nini. Daraja jipya la njia mbili lilizinduliwa mwaka 2016. Lakini Tanzania tunaendesha kushoto na Rwanda wanaendesha kulia, kwa hiyo mahali fulani mpakani njia zile lazima zikatane. Hakuna mhandisi ambaye angeinyoosha ramani ile ili ipendeze pichani. Pale zinapokatana ndipo pa kuangalia kwa makini kuliko kote, na ndipo panapowekwa alama.

Nimeijenga swichi upya. Kila moduli sasa ina "trigger" yake, na waya ya mbiu inakatiza juu ya nyingine waziwazi, kama njia ile ya mpakani. Nimeongeza pia sifuri ya fundi: baada ya mbiu sauti inashuka taratibu badala ya kukatwa ghafla, maana ikikatwa ghafla spika inatoa mlio wa "tik", kisha panapita karibu nusu sekunde ya kimya ndipo mwingine anaanza. Urefu wa kimya hicho niliupima kwa rekodi zenyewe. Ndio muda ambao bibi huchukua kuvuta pumzi kabla ya kukataa jambo. Sikuupiga mchoro huu picha.

Mwezi uliofuata nilishuka Biharamulo. Shikamoo iliitikiwa, chai ikaletwa, jina langu la cheti likatumika tena mara mbili. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikabandika vipande vya karatasi kwenye vitufe viwili, kimoja nimeandika BABU na kingine BIBI, nikamwambia abonyeze mwenyewe. Akauliza kama safari hii watu wa Ngara wameruhusu. Nikamwambia watu wa Ngara hawajui kama nimekuja.

Alimwanzisha babu. Akamsikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kidole kikiwa juu ya kitufe cha pili, akimwacha aeleze safari ya kuwaswaga ng'ombe, mvua iliyowakuta njiani, kijana aliyetumwa mbele kutoa taarifa. Nilidhani ameshasahau kubonyeza. Babu akavuta pumzi, akasema walikuwa ng'ombe sita, wote wazima.

"Subiri hapohapo, mume wangu," bibi akasema, na sikujua ni mimi au marehemu, akabonyeza.